Ploti Yako: Iandike kwa Jina Lako au kwa Jina la Kampuni?

Kila mwezi, kati ya tarehe 1 na tarehe 5, simu za landilodi wengi wa Meru na Embu hulia mfululizo. Kodi inaingia. Wa Makutano anapokea, wa Maua anapokea, na yule mwenye vyumba vya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Embu anapokea pia. Na siku hizi kuna swali tunaloulizwa sana: "Kwani nisifungue kampuni niweke ploti humo?"

Tuseme msimamo wetu mapema. Nyumba unayoishi na familia yako, hapana. Vyumba vichache unavyomiliki peke yako, bado. Lakini kama mnamiliki ploti pamoja, ndugu watatu au marafiki wa chama, hapo kampuni ina kazi ya kufanya.

Tunazungumzia kampuni gani?

Ile LLC unayoisikia kwenye video za Marekani haipo Kenya kwa jina hilo. Iliyo karibu nayo ni kampuni binafsi ya dhima yenye kikomo, ile ambayo jina lake huishia na "Limited". Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015, hata mtu mmoja anaweza kuisajili kupitia eCitizen, kwa ada ya takriban shilingi 10,650. Kuifungua ni rahisi. Kazi huanza baadaye.

Ushuru haupungui

Wengi hudhani kampuni itawapunguzia ushuru. Tuchukue mfano. Una vyumba 10 vya kuishi, kila kimoja shilingi 4,500. Hiyo ni 45,000 kwa mwezi, 540,000 kwa mwaka. Kodi ya nyumba za kuishi ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, KRA inataka asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama. Kiwango hiki kilianza Januari 2024. Awali kilikuwa asilimia 10. Kwa hivyo utalipa 3,375 kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Sasa weka ploti hiyo kwenye kampuni. Utalipa ngapi? 3,375 ile ile. Tena kampuni ikikugawia faida kama gawio, asilimia 5 nyingine inakatwa. Na ukichelewesha ritani ya mwaka, faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, ya kampuni huanzia 20,000.

Kuhamisha ni gharama

Kama hati tayari iko kwa jina lako, kuipeleka kwa kampuni ni uhamisho kamili. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Ploti ya milioni 4 mjini ni shilingi 160,000, zaidi ya kodi ya miezi mitatu ya wale wapangaji wetu 10. Kuna pia ushuru wa faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023, ingawa huo husamehewa kampuni ikiwa ni ya mume na mke, au ya mmoja wao na familia ya karibu, kwa asilimia 100. Na kama ni shamba la kilimo, utahitaji idhini ya bodi ya ardhi, ambayo haitatolewa kama mwanahisa hata mmoja si raia wa Kenya. Muone wakili kabla ya kutia sahihi.

Ulinzi upo, lakini una masharti

Ni kweli, mpangaji akivunjika mguu kwenye ngazi mbovu na kushtaki, anayeshtakiwa ni kampuni iliyo na jengo. Lakini benki ikikupa mkopo, mara nyingi itataka wewe mwenyewe udhamini. Na kama kodi ya kampuni inaingia kwa laini yako, ukanunua unga, ukalipa karo na kutuma harambee, utaambiaje korti kwamba wewe na kampuni ni watu wawili?

Swali kubwa: siku usipokuwepo

Hili ndilo huvunja familia. Mzee anafariki, hati iko kwa jina lake, na kifungua mimba anaanza kupokea kodi kwa simu yake. Anaona anasaidia. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa. Itabidi watafute barua ya chifu, waende kortini, na kwa kawaida wangoje miezi sita baada ya kupewa hati ya usimamizi ndipo mgao uthibitishwe. Wakati huo wote ndugu wanaulizana pesa zinaenda wapi.

Kampuni haifi. Hati inabaki kwa jina lake, wapangaji wanaendelea kulipa mahali pale pale, na wakurugenzi waliobaki wanaendesha kazi. Lakini hisa za marehemu bado ni urithi, zitapitia korti ile ile. Na kama mkurugenzi alikuwa yeye peke yake, mmerudi pale pale.

Ndiyo maana tunasema kampuni ni ya wanaomiliki pamoja. Inaandika wazi nani ana hisa ngapi na nani anaidhinisha matumizi. Isitumiwe kumficha mke mali, wala kuwanyima mabinti walioolewa haki yao. Nyumba ya ndoa inalindwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na Sheria ya Urithi haibagui mtoto kwa sababu ameolewa.

Kabla ya kufikiria kampuni, fanya haya

- Tenga till au paybill ya kodi peke yake. Pesa ya nyumbani isipitie hapo.
- Mpe kila mpangaji namba ya chumba aiandike anapolipa. Taarifa ya mwezi itakuwa daftari lako.
- Lipa ushuru kila mwezi na uhifadhi risiti.
- Andika wosia, na uwaambie wanaohusika ulipo.
- Usimwachie mtu PIN ukidhani huo ni urithi. Kujua PIN hakumpi mtu haki ya pesa za marehemu.

Ukifanya haya mwaka mzima bila kukosa, utakuwa umejua kama unaweza kuendesha kampuni. Na ukiona hata haya yanakushinda, kampuni itakuongezea tu fomu za kujaza na faini za kulipa.

Jioni ya leo, kaeni chini nyumbani mjiulize swali moja: kesho nisipoamka, nani atapokea kodi, na kwa ruhusa ya nani? Mkikosa jibu, anzeni hapo.