Pima Ganzi Kwanza

Kwa mgonjwa wa neva, tiba ya asili iliyo hatari kuliko zote haiuzwi sokoni Koboko wala Arua, hapa West Nile, Uganda. Ni maji ya moto, na kila nyumba inayo. Miguu ya mzee ikiwaka usiku kama amekanyaga makaa, watu wa nyumbani huchemsha maji, hutia chumvi au majani, wakamwambia atumbukize miguu. Anapata nafuu, hilo halina ubishi, kwa kuwa joto hutuliza. Lakini miguu hiyo inayowaka mara nyingi imekufa ganzi unyayoni. Neva iliyoharibika huweza kuuma na wakati huohuo isihisi kitu. Mzee hajui kwamba ameungua mpaka asubuhi mwanawe aone malengelenge. Kama ana kisukari, lengelenge linakuwa kidonda, kidonda kinaingia mfupani, na siku akifikishwa Hospitali ya Rufaa ya Arua kinachojadiliwa ni kukata mguu. Angalau maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima mwenye afya, si kwa mguu wa mgonjwa.

Toleo hili linahusu tiba za asili na tiba mbadala za maumivu ya neva. Sikuliandaa ili kuwapiga vita waganga, wala kuwapamba. Hoja yangu ni moja: yeyote anayegusa maumivu haya, awe mganga wa mizizi, mkandaji, muuza mafuta au nesi wa zahanati, apime ganzi kabla ya kutoa dawa.

Kipimo chenyewe ni kalamu ya wino. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa polepole kwa ncha yake kwenye kidole gumba cha mguu, nyayo, ukingo wa mguu, kisha viganja, naye anaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Usimuulize "unasikia?" kila unapogusa. Wazee wetu wana adabu; watajibu ndiyo ili usijisikie vibaya.

Wahudumu wa ukoma wanaitumia kalamu hiyo miaka na miaka, na West Nile ina sababu zaidi ya sehemu nyingine ya kuijua. Ukoma haujatuhama. Bakteria wake hukaa ndani ya neva, hasa ile inayopita nyuma ya kiwiko na ile inayozunguka chini ya goti kwa nje. Ndiyo maana mtu huanza kulalamikia mkono unaomchoma mpaka kidole cha mwisho kabla hajafikiria ngozi yake. Dawa za kuua bakteria hao hutolewa bure. Neva iliyopoteza hisia chini ya miezi sita bado ina nafasi nzuri ya kurudi kwa prednisoloni. Ikipita hapo, nafasi hiyo inafifia. Mgonjwa akikandwa miezi minane bila kupimwa, mkandaji hakumdhuru kwa mikono yake. Amemdhuru kwa kumpotezea muda.

Waganga nao wana haki ya kutugeuzia kibao. Nani aliyewapelekea wagonjwa hawa? Mara nyingi ni zahanati. Mama anakwenda na miguu inayowaka, anapewa panado, akirudi anachomwa sindano ya diklofenaki, na maumivu ya neva hayasikii dawa hizo. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingemfaa zaidi. Tena sindano zenyewe zina deni. Uganda ina watoto wanaochechemea kwa sababu kwinini ilichomwa takoni, karibu na neva kubwa ya mguu. Mganga anayeuliza "mwanangu, ulichomwa sindano upande gani?" ameuliza swali la kitabibu.

Hata vidonge vya vitamini, ambavyo watu huviona salama kama chakula, vina mambo. Isoniazidi ya kifua kikuu huupunguzia mwili vitamini B6, kwa hiyo mgonjwa hupewa piridoksini pamoja nayo. Akiiacha kwa kudhani ni ya ziada tu, miguu inaanza kuchoma. B6 hiyohiyo ikimezwa kwa wingi miezi mfululizo, nayo huharibu neva. Metformini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, hushusha B12.

Kati ya dawa za sokoni, ninayoiheshimu zaidi ni pilipili. Muuzaji huisaga, huichanganya na mafuta ya mgando au ya shea, akaifunga katika kichupa kilichokuwa na dawa nyingine. Sayansi imemthibitishia jambo lake. Mwaka 1997 maabara ya David Julius huko California ilitambua mlango wa neva unaofunguliwa na ukali wa pilipili, mlango huohuo unaofunguliwa na joto, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Ukali huo ukirudiwarudiwa, ncha za neva huchoka na kunyamaza. Hospitali za nje hutumia plasta ya asilimia 8, inayobandikwa kwa dakika 30 hadi 60 chini ya uangalizi. Kichupa cha soko hakina asilimia. Kwa mtu aliyebakiwa na maumivu baada ya mkanda wa jeshi, ngozi ikiwa imeshafunga, ningemwachia ajaribu kidogo. Kwa mguu wenye ganzi, hapana, maana hatajua lini aifute.

Sheria ya tiba asilia na tiba mbadala ya mwaka 2019 inataka waganga wasajiliwe, na Wandegeya, Kampala, kuna taasisi ya serikali inayochunguza dawa za mimea tangu 1964. Ni vizuri, ila cheti ukutani hakiwezi kumgusa mgonjwa nyayo. Ningependa zaidi kuona daftari. Katika hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, Dakta Ted Williams na nduguye Peter walihudumia wenye ukoma na wagonjwa wengine, na Ted aliandika kila kitu. Kumbukumbu zake ndizo zilizowezesha uchunguzi uliochapishwa na yeye pamoja na watafiti wenzake Pike na Wright mwaka 1967, ulioonyesha jinsi saratani ya Burkitt ilivyojikusanya West Nile kwa mahali na kwa wakati. Hospitali ya mashambani ilifanya hivyo kwa kalamu na karatasi.

Koboko lakini ni mji wa mpakani. Mgonjwa wa leo katokea Sudan Kusini kupitia Oraba, kesho kutwa yuko Ariwara upande wa Congo kwa mganga mwingine. Daftari linabaki nyuma. Kinachosafiri naye ni kikaratasi mfukoni. Kiandikwe mambo matatu: ganzi iko wapi, ilianza mwezi gani, na amepakwa nini.