Bunia: Mtoto akija shuleni na alama za kupigwa, kumwita baba si hatua ya kwanza

Asubuhi, madarasa ya Bunia yamejaa. Mtoto mmoja analala juu ya benchi. Mwingine anaficha mkono. Wa tatu alikuwa anasoma vizuri, leo haandiki kitu. Mwalimu anafikiri ni uvivu. Pengine mtoto huyo hakulala, sababu usiku mzima baba alikuwa anampiga mama.

Hapa Ituri, tukizungumza juu ya watoto na jeuri, tunafikiri kwanza vikundi vyenye silaha. Ni kweli: tangu Desemba 2017, vita vya Djugu vilisukuma familia nyingi mpaka Bunia, na wengine wangali kwenye kambi kama Kigonze. Lakini kuna jeuri ingine, ya ndani ya nyumba, na inapatikana hata kwa wasiokimbia vita. Hiyo watu wanainyamazia: "Ni mambo ya nyumba yao."

Mtu mzima wa kwanza kuona alama, nje ya familia, mara nyingi ni mwalimu. Na akishaona, kawaida yetu ni gani? "Kesho, kuja na baba yako." Hapo ndipo hatari inaanza. Kama baba ndiye anayepiga, anaelewa kwamba mtoto alisema. Usiku ule mtoto atalipa, na hatasema tena.

Ndiyo maana mafunzo ya wafanyakazi wa shule yanahitajika, na si kwa direkta peke yake. Mtoto anachagua mwenyewe mtu wa kumwambia: anaweza kuwa mwalimu wa kike, ao sentineli wa mlangoni.

Mafunzo yenyewe si ya kumgeuza mwalimu kuwa daktari wa akili. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2011 juu ya msaada wa kwanza wa kisaikolojia, linaweka mambo matatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Kutazama ni kuona mabadiliko ya mtoto. Kusikiliza ni kumkalisha pahali pa utulivu, bila kumuuliza mara kumi kama polisi. Usimuahidi kwamba hutaambia mtu yeyote. Mwambie utaongea tu na wale wanaoweza kumsaidia. Kuunganisha ni kujua mlango wa kugonga: huduma ya Affaires Sociales, polisi ya kulinda watoto, ao hospitali. Kama mtoto amebakwa, saa zinahesabiwa: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza mbele ya saa 72. Mu Bunia, kituo Karibuni wa Mama cha shirika SOFEPADI kinapokea waliotendewa jeuri ya kingono.

Sheria iko. Ile namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu asiyetimiza miaka 18, na kifungu cha 57 kinadai nidhamu itolewe kwa utu, nyumbani na shuleni. Shuleni pia! Mwalimu mwenye fimbo mkononi, mtoto atamwambiaje kwamba nyumbani anapigwa?

Walimu nao wana woga wao. Baba wa mtoto ni jirani, pengine ana silaha. Tena, tangu masomo ya msingi yawe bure mu 2019, darasa limejaa na kumjua kila mtoto ni kazi. Woga huo si wa kuchekwa. Kwa hiyo mzigo usibaki kwa mwalimu mmoja: shule ichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanaopokea habari hizo. Waandike mu daftari linalofungwa na kifunguo, na waamue pamoja na direkta nani aitwe: mama, bibi, shangazi, ao mtu wa Affaires Sociales kwanza.

Semina ya siku mbili bila mpango huo inaisha na soda na picha. Wazazi wanaweza kuanzia hapa: kwenye mkutano ujao wa komite ya wazazi, waulize direkta swali moja. Mtoto akija kesho na alama mwilini, ni nani atamsikiliza, na atampeleka wapi? Kama jibu halipo, ndiyo kazi ya kwanza ya mkutano huo.