Jahazi Lako Si Pambo la Duka la Mtu

Fundi wa Lamu anaweza kumaliza wiki nzima akichonga jahazi moja dogo la mbao, tanga na mlingoti vyote kamili. Halafu analiacha kwenye duka la watalii kwa mali kauli: likiuzwa, utalipwa. Lini? Hapo ndipo stori huanza.

Mali kauli si mbaya, ila isiwe ya mdomo tu. Andikeni idadi, bei na siku ya kulipana, kila mtu abaki na nakala.

Lakini kwa maoni yangu, bora usimame na kazi yako mwenyewe. Ukiwa na kibali cha kaunti, jaribu pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Ukifika Nairobi kuna Maasai Market, ila huhama kulingana na siku, so uliza kabla ya kubeba mzigo. Mteja akikuona ukifunga tanga, ataheshimu bei yako.

Bandika till namba mahali inaonekana. Na usikabidhi jahazi kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Ngoja ujumbe uingie kwako. Mali ikiondoka, pesa iwe imeshafika.