Barua ya Bwana Shamba: Nani Amemlipia Mwandishi Nauli?

 

Mwezi huu sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nitaandika juu ya watu wanaotuletea habari za misitu, mito na wanyama. Kazi yao ina gharama. Je, nani hulipa?

Nianze na kisa cha hapa kwetu Msowero.

Miaka michache iliyopita gari la mradi mmoja lilifika hapa. Ndani walikuwamo waandishi wa habari wawili. Walikuja kutazama hifadhi ya kingo za mto. Mimi niliambiwa niwatembeze. Tulifika mtoni, wakapiga picha. Wakamhoji kiongozi, wakanihoji na mimi. Halafu dereva akapiga honi.

Kando yetu alisimama mama mmoja na jembe lake. Bustani yake ya mboga ilikuwa pale pale ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndani ya mita hizo ni marufuku kufanya shughuli za kudumu, au shughuli zinazoweza kuharibu mazingira. Mama huyo alikuwa ameambiwa ahame. Alitaka kusema neno, lakini hakuna aliyemwuliza. Basi akaniuliza mimi:

"Mwanangu, hawa wageni nauli wamepewa na nani?"

Nikamjibu, "Wamepewa na mradi, mama."

Akasema, "Ndiyo maana hawanioni."

Habari ilitoka gazetini. Ilisema wananchi wamefurahi kuhama ukingoni. Siku ile mimi sikusema uongo. Lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulisaidia habari ile kuwa nusu. Mpaka leo neno la mama yule halijanitoka moyoni.

Msinielewe vibaya. Sheria ya mita 60 ni nzuri. Ukilima ukingoni, udongo huporomoka mtoni. Mto hujaa mchanga, na mvua kubwa ikija maji hukosa njia. Wana-Kilosa tunakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Maji yalibomoa nyumba na kuharibu njia ya reli. Lakini mama yule naye alikuwa na swali la haki: "Nikihama hapa, nitalima wapi?" Habari kamili ingebeba mambo yote mawili.

BIOANUWAI NI NINI?

Siku hizi tunalisikia sana neno hili. Bioanuwai ni aina zote za viumbe hai pamoja na mahali wanapoishi. Tembo wa Mikumi ni bioanuwai. Nyuki anayechavusha maua ya malenge yako naye ni bioanuwai. Milima ya Ukaguru iko ndani ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki. Huko kuna vyura wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Misitu ya milima hiyo ndiyo inayotunza maji ya mito yetu.

Kwa hiyo habari za bioanuwai si habari za watalii tu. Ni habari za maji yako na chakula chako.

GHARAMA YA HABARI

Mwandishi akitoka mjini kuja kijijini hulipa basi, kisha bodaboda. Atakula na atalala. Akitaka kuona mambo kwa macho yake, siku moja haitoshi. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara. Hulipwa kidogo kwa kila habari inayotoka. Malipo hayo mara nyingi hayafiki hata nauli. Basi hungoja mtu awape gari.

Hapo ndipo inapoingia ruzuku. Ruzuku ni fedha ya msaada isiyorudishwa. Mwaka 1991 waandishi wa nchi yetu waliunda Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira, kinachojulikana kwa jina la JET. Chama hiki kimefundisha waandishi wengi na kuwapeleka vijijini. Mwaka 2008 ulianza Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania. Uliwapa waandishi ruzuku ili wafuatilie habari kwa kina, zikiwamo za vijijini. Fedha yake ilitoka kwa nchi wahisani.

Miaka ya karibuni JET ilifanya kazi na mradi wa Tuhifadhi Maliasili. Fedha ilitoka Marekani, kwa shirika la USAID. Waandishi walifundishwa juu ya shoroba. Ushoroba ni njia ya wanyama kati ya hifadhi moja na nyingine. Mmoja upo katika mkoa wetu huu, Wilaya ya Kilombero. Unaunganisha Nyerere na Selous na milima ya Udzungwa. Waandishi walikwenda huko. Waliandika juu ya tembo, na juu ya wakulima wanaoliwa mazao na tembo hao.

Kisha Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilifungwa. Uamuzi ulifanyika mbali sana na Kilombero. Hakuna mkulima wa huku aliyeulizwa. Lakini tembo hawakusimama. Wanaendelea kuingia mashambani, iwe mwandishi yupo au hayupo.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msaada si mbaya. Mimi mwenyewe nimesoma semina nyingi kwa fedha za msaada. Lakini habari zetu zikitegemea mfuko wa mtu mmoja, siku mfuko ukifungwa nasi tunafungwa mdomo.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kulipa mishahara ya waandishi. Lakini yapo mambo tunayoweza.

Kwanza, tuweke daftari la kijiji. Tembo akiharibu shamba, andika tarehe, mahali, ukubwa wa eneo na aina ya zao. Toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Bila taarifa huwezi kudai kifuta jasho. Daftari hilo hilo litamsaidia mwandishi mwenye siku moja tu. Atakuta kazi ya mwaka mzima imeandikwa.

Pili, tutumie redio zilizo karibu nasi. Simu ya mkulima hugharimu kidogo kuliko safari ya gari.

Tatu, mwandishi akija, mpokee vizuri. Halafu mwulize kwa adabu: "Ndugu, safari hii imelipiwa na nani?" Si kosa kulipiwa. Kosa ni kuficha, na kumsikiliza mlipaji peke yake. Mwandishi mwaminifu atakujibu bila hasira.

Nne, na hili naliandika nikijisuta, sisi watumishi tusisimame mbele ya wakulima. Mgeni akifika na gari, tumwonyeshe na yule aliyesimama kando na jembe.

Mama yule alihama ukingoni. Sasa amekodi kipande cha shamba mbali na mto, na kodi hulipa kila msimu. Pale alipolima matete yameota tena. Yote mawili ni kweli. Gazeti la siku ile liliandika la matete tu. Leo nimeandika na la kodi. Nimechelewa, lakini nimeandika.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kijiji chenu kina daftari la uharibifu wa mazao? Nani analitunza?

2. Mara ya mwisho mwandishi alipofika kwenu, aliongea na nani? Nani hakuulizwa?

3. Mtu anayetakiwa kuhama ukingo wa mto asaidiwe vipi apate pa kulima?

Jadilini, kisha mtuandikie majibu yenu. Majina yasiyotakiwa kutajwa hatutayataja.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba, Msowero