Kasha Lisilo na Mwenyewe

Msomaji, huenda umepata kuingia katika nyumba ya mtu mwenye uwezo, ukaona sebuleni mwake vinu visivyotwanga, vibuyu visivyotekewa maji, na mbuzi ya kukunia nazi iliyotundikwa ukutani kama picha. Mwenye nyumba hukutembeza kwa madaha, akakuonyesha hiki na kile. Nawe ukimwuliza kilikuwa cha nani, hukutajia bei aliyokinunulia. Watu humsifu mtu huyu kwamba apenda mambo ya kale. Mimi naikanusha sifa hiyo. Nasema apenda kuonekana kuwa anapenda, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo niliyokusudia kuizungumza nawe, hata kama baadhi ya watu waliopata kunikaribisha chai katika sebule za namna hiyo wataudhika.

Sisemi kwamba ladha ya mtu ni kosa. Mmoja hukusanya stempu, mwingine senti zile zenye tundu za wakati wa wakoloni, mwingine mabirika ya shaba. Mimi mwenyewe, na tafadhali usicheke, nina funguo kuukuu kumi na saba zisizofungua kitu chochote duniani. Katika ladha hapana hakimu. Walakini chombo cha nyumbani si kombe la pwani linaloweza kuokotwa na kila apitaye. Kilifanywa kwa mkono wa mtu, kikatumiwa na watu wenye majina, kikaona njaa na arusi na msiba. Akichukuaye pasipo habari zake amechukua ganda akaacha kiini.

Nitakupa mfano mzito. Wagiriama, pamoja na jamaa zao wengine wa Mijikenda, walikuwa na desturi ya kumsimamishia kigango mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kichwa na kukatwa nakshi za pembetatu mwilini. Kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Hata watu wakihama, chenyewe husalia pale pale, kikaliwa na jua na mvua na mchwa, maana chahesabiwa kuwa ni makao ya roho ya marehemu. Basi wakatokea watu ng'ambo walioviona vigango kuwa mapambo mazuri ya nyumba, na pwani wakatokea watu wa kuving'oa usiku. Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kigiriama alipigwa picha na mtaalamu wa mila kutoka Marekani, amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu baadaye vyote viwili viliibwa. Picha ile ndiyo iliyokuja kuwa shahidi. Kigango kimoja kilionekana katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja huko Illinois, na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vikarejeshwa kwa wenyewe, na mzee aliyepigwa picha navyo alikuwa amekwisha kufa.

Fikiri jambo hili, msomaji. Wale walioviweka vigango katika nyumba zao si wote waliokuwa watu waovu. Yamkini wengi wao walikuwa wapole, wasomi, wenye kupenda sanaa, nao walitoa fedha halali mkononi mwa muuzaji. Kosa lao lilikuwa moja: hawakuuliza. Na swali ambalo hawakuliuliza ndilo lile lile asiloliuliza tajiri wa kwetu anaponunua kinu cha mama wa watu kando ya barabara.

Utaniambia kwamba iko sheria. Ni kweli. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yasema kwamba chombo kilichofanywa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na hakitoki nchini pasipo kibali; hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 imelindwa. Ni sheria njema. Lakini sheria hulinda mpaka wa nchi, haiwezi kukaa mlangoni kwa kila ajuza kumlinda na dalali. Na dalali huja mchana, akapiga hodi, akatoa salamu.

Najua, kwa kuwa alikuja kwetu.

Nyanya yangu alikuwa na kasha la msaji lenye njumu za shaba, la namna iliyokuwa ikiletwa pwani na majahazi kutoka Bara Hindi. Alipewa na mama yake siku ya arusi yake. Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, karo yangu ilikuwa haijatimia na mtihani umekaribia. Dalali akalizunguka kasha, akaligonga kwa kidole, akatikisa kichwa, akasema, "Bibi, hili limekwisha kuingia mchwa. Nakusaidia tu." Mimi nilikuwapo. Nilijua kwamba halikuingia hata mchwa mmoja. Nikanyamaza, kwa sababu nilichelea kwamba nikisema ataondoka na fedha zake. Akapindua vilivyokuwamo juu ya mkeka: kanga mbili, mrashi, kopo la vifungo, na barua alizoandika babu kwa hati za Kiarabu alipokuwa akifanya kazi bandarini Kilindini. Kisha akalipakia kasha, nasi tukavitia vitu vile katika katoni la sabuni. Mimi nikafanya mtihani, nikafaulu.

Kwa hiyo usidhani kwamba namlaumu maskini auzaye. Mwenye shida hana la kuchagua, na asemaye kwamba urithi ni bora kuliko karo, aghalabu karo yake imelipwa na mtu mwingine. Ninaowalaumu ni wengine: anunuaye kwa hila, na mimi niliyenyamaza.

Miaka saba baadaye niliwapeleka wanafunzi katika ziara, tukapumzika katika hoteli moja ya watalii. Ukumbini palikuwa na kasha. Nililitambua kwa alama ya moto kifunikoni, pale chetezo kilipoanguka siku ya arusi ya shangazi yangu. Wageni walikuwa wameweka bilauri zao juu yake. Kando palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa, "Kasha la kale, Pwani." Karani akaniambia kwamba wageni hulipenda mno kwa kuwa lina historia. Nikamwuliza, historia gani? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Ni la zamani sana, mwalimu."

Hiyo ndiyo historia yenyewe wanayoinunua. Ni la zamani sana!

Sasa wako wenzako, nami nawajua kwa kuwa nawafundisha, watakaosema kwamba makelele haya yote ni ya bure. Vyombo vya kizee ni ushamba, plastiki ni nyepesi tena haivunjiki, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Hao siwagombezi sana. Mama anayekuna nazi kwa mashine na kupata nusu saa ya kupumzika amefanya vyema. Lakini mwulize kijana huyo jina la ile kawa iliyofunika chakula cha babu yake, au kidaka kilikaa wapi katika nyumba za Lamu na ndani yake kiliwekwa nini, uone atakavyobabaika. Chombo kikitoka nyumbani hutoka na jina lake, na jina likitoka hutoka na kazi iliyokuwa ikifanywa, na adabu iliyokuwa ikiifuata kazi ile.

Wengine husema, tuyaachie makumbusho. Makumbusho yafanya kazi kubwa. Nenda Lamu ukaione siwa ya pembe iliyotoka Pate. Nenda Mombasa katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo imekuwa makumbusho tangu mwaka 1960. Lakini makumbusho huhifadhi siwa. Hayana nafasi ya kopo la vifungo la nyanya yako, wala hayakumjua.

Wala si kila mkusanyaji ni wa kulaumiwa. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa muda mfupi mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Afrika kwa mapenzi makubwa. Leo sehemu ya mkusanyo wake imo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, nawe waweza kuingia ukaitazama. Huyo alikuwa na ladha, tena alikuwa na elimu ya kile alichokishika. Mpambaji wa sebule asijifunike joho lake.

Basi likizo ijayo, kabla hujaanza kutamani vya watu, anza kwenu. Chukua daftari. Mwombe bibi au babu akutolee kitu kimoja tu, kiwe kigoda, kiwe sufuria yenye kiraka, kiwe sanduku la bati. Uandike kilitoka kwa nani, mwaka gani kama wamkumbuka, kilitumiwaje, na kila sehemu yake yaitwaje kwa lugha ya kwenu. Usikisafishe mpaka uulize madoa ni ya nini. Na akija mtu wa kukigonga kwa kidole, useme wewe kwanza.

Mimi barua za babu sijapata kuzisoma, maana hati zile sizijui. Najifunza sasa kwa mwalimu wa madrasa jirani yetu, naye asema mkono wa babu ulikuwa mbaya.

Nilipomwambia nyanya kwamba nimeliona kasha lake, nilidhani atalia. Aliuliza bawaba ya kushoto, ile iliyokuwa ikilia, kama wameitia mafuta. Nikamwambia kwamba sikuifungua.

"Ungeifungua," akasema, akaendelea kuchambua mchele.