Simba wa Nairobi amekingwa na kelele, mkazi wa Olympic je?

Shuka kwenye matatu pale Olympic, Kibera, Ijumaa saa mbili usiku, kisha usimame dakika tano tu. Makanga anapiga bodi akiita abiria wa tao. Nganya iliyoegeshwa imefungulia besi hadi vioo vinatetemeka. Ng'ambo ya barabara duka la simu limetoa spika nje, baa inaonyesha mpira, na ndani kidogo kanisa la mabati linaanza kesha. Kila mmoja ameongeza sauti kwa sababu jirani yake ameongeza. Nenda Kawangware, stejini 46, na mambo ni yale yale.

Wengi wetu tumezoea kusema hayo ndiyo maisha ya mtaa. Anayelalamika anaambiwa ahamie Karen. Ni mzaha, lakini ndani yake kuna ukweli mchungu: Nairobi, kimya kinauzwa. Ukilipa kodi kubwa unapata ukuta wa mawe, dirisha linalofunga vizuri na nyumba iliyo mbali na barabara. Usipokuwa na pesa hizo unalala nyuma ya bati moja, na redio ya jirani inakuwa yako pia. Askari wa usiku anayetafuta usingizi mchana hana pa kukimbilia. Mama mwenye mtoto mchanga vile vile.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake haiendi kama ya shilingi. Ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidishwa mara 10. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Sasa fikiria makanga na dereva wanaoshinda ndani ya nganya kuanzia asubuhi hadi usiku, au DJ anayesimama kando ya spika wikendi nzima. Anayetengeneza kelele ndiye wa kwanza kuumia. WHO inakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu.

Na si masikio peke yake. Ukilala, macho hufungwa lakini masikio hubaki wazi. Mwili huendelea kushtuka kwa kila honi, moyo unaenda mbio na presha inapanda hata kama hukuamka. Ndiyo maana wataalamu huhusisha kelele za usiku za miaka mingi na magonjwa ya moyo.

Kwa watoto wa shule hasara inaonekana mapema. Katika miaka ya 1970, mtafiti Arline Bronzaft alichunguza shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli. Watoto wa madarasa yaliyoelekea treni walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile, na kufikia darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mpira, madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti, na pengo hilo likaisha. Hakuna aliyebadilisha walimu wala kuwafukuza wanafunzi. Kilichopunguzwa ni kelele. Olympic ni mtaa wa shule, na mtahiniwa anayesoma usiku hapa anashindana na spika kabla hajashindana na wenzake kwenye mtihani.

Wanyama nao wanaumia, na hawana wa kuwasemea. Kando ya Kibera kuna Msitu wa Ngong Road, na barabara kuu ya Southern Bypass inapita humo. Ndege huimba ili kupata mwenza, kulinda eneo lake na kuonya wenzake. Asiposikika, anapoteza yote hayo. Huko Leiden, Uholanzi, watafiti walionyesha mwaka wa 2003 kwamba ndege wanaoishi penye kelele huimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wapenye mngurumo wa magari. Kisha ikaja Korona. Mwaka wa 2020 San Francisco ilipotulia, shomoro wa huko walipunguza sauti, na bado wimbo wao ukasikika mbali zaidi. Hapa kwetu kafyu ilianza Machi 27 mwaka huo huo. Unakumbuka usiku wa siku zile? Uliletwa na janga, na watu wengi walikosa unga. Lakini tulijua mtaa wetu unaweza kutulia.

Je, serikali inajua kupunguza kelele? Inajua sana. Reli ya SGR ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa Oktoba 2019, inakatiza Mbuga ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja refu. Daraja hilo liliwekewa vizuizi vya sauti ili treni isiwasumbue wanyama. Ni jambo jema, na kama reli ilikuwa lazima ipite mbugani, hilo lilikuwa la chini kabisa la kufanya. Lakini linathibitisha kwamba pakiwa na nia, maarifa na pesa hupatikana. Kibera na Kawangware hazijawahi kufikiriwa hivyo.

Sheria tunayo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kudhibiti kelele ni kazi ya kaunti kikatiba. Kuna pia kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Katika mitaa yenye makazi na biashara pamoja, kiwango cha juu ni desibeli 55 mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku. Maeneo ya ibada yamewekewa kiwango cha desibeli 40 mchana.

Tatizo liko hapo kwenye 35. Watu wawili wakipiga gumzo nje ya ploti tayari wamevuka. Sheria ikimfanya kila mtu mkosaji, anayeitekeleza ndiye huamua nani akamatwe, na mara nyingi atakamatwa asiyejuana na mtu. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyoko katika makazi. Wakazi wengi walifurahi, huku wahudumu na ma-DJ wakiuliza watakula wapi. Wote walikuwa na hoja. Msako hunyamazisha klabu wiki moja, lakini hauwapi watu wa mtaa makubaliano ya kuishi pamoja.

Kanuni zile zile zina kipengele kizuri ambacho hakizungumzwi sana. Katika kuamua kama kelele imezidi, huangaliwa pia kama mhusika angeweza kuipunguza bila gharama kubwa. Hapo ndipo pa kuanzia. Kugeuza spika itazame ndani hakugharimu kitu. Kupunguza besi, ambayo ndiyo hupenya kuta, ni suala la kuzungusha kitufe. Sacco inaweza kukataza honi na muziki gari likiwa limesimama stejini. Wachungaji, maimamu, wenye baa na wenye ploti wanaweza kukubaliana saa, na kaunti ikayatia muhuri makubaliano hayo.

Wewe unaweza kufanya nini? Andika tarehe na saa za kelele, hata wiki mbili tu, kisha mpeleke malalamiko kaunti na NEMA mkiwa wengi. Mkipuuzwa, Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kwanza kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia.

Na uchaguzi wa 2027 ukikaribia, malori ya kampeni yatapita Olympic na Kawangware yakiwa na spika hadi juu ya paa. Anayetaka kura yako mwombe kwanza azime, ndipo mzungumze.