Tishari Lisiachwe Haraka
Anayetaka Bandari ya Bujumbura iachane na matishari ya kuvutwa, itegemee meli zenye injini zake, ana hoja nzito: kutoka Mpulungu, Zambia, ni mamia ya kilomita, na upepo wa kusini wa kiangazi ukichafua Ziwa Tanganyika, kamba ya chuma hulegea kisha hukazika ghafla, ikikatika, tishari halina injini ya kujiokolea. Hilo nalikubali kabisa. Lakini tagi, meli inayovuta, huliacha tishari gatini na kufuata jingine, huku wachukuzi wakishusha saruji mfuko kwa mfuko. Meli yenye injini hungoja siku zote za kushusha pamoja na injini na mabaharia wake. Fedha ianzie kwenye kreni na maghala, meli zifuate.